Vazi la Kijani: Rangi ya Majani na Viumbe Waivaao



Mvua za kwanza zinyeshapo baada ya kiangazi kirefu, kila mwenye macho huona ajabu moja isiyochakaa, ijapokuwa huja kila mwaka. Nchi iliyokuwa nyekundu na kijivu, vumbi tupu, haimalizi majuma mawili ila imevikwa. Wazee husimama mlangoni wakatazama bila kusema neno, na mbuzi nao wajua la kufanya. Rangi hiyo ya majani mabichi ndiyo nitakayo kuwaeleza mwezi huu: jinsi ilivyo katika majani yenyewe, jinsi ilivyo katika ndege na nyoka na wadudu, na kazi ifanyayo.

Katika Kiswahili rangi zenye majina ya peke yake ni tatu tu: nyeupe, nyeusi, na nyekundu. Nyingine twaziita kwa kuzifananisha na vitu. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Kijivu ni rangi ya majivu. Kijani ni rangi ya jani. Na watu wa pwani husema pia chanikiwiti. Tena twapenda kuongeza neno “kibichi,” na neno hilo lina maana kubwa, kwa kuwa kilicho kibichi ni kile ambacho uhai haujakitoka. Wahenga hawakuwa na vyombo vya kupimia nuru, lakini waliona ya kwamba rangi hii na uhai huenda pamoja.

Ninayo sababu ya kuandika habari hizi. Watoto wetu wengi wakimwona kinyonga humpiga mawe. Wakimwona nyoka wa kijani, hata yule asiyeweza kumdhuru mtu, humwua wakamburura njiani. Na sisi watu wazima twakata kijisitu cha mwisho cha kijijini pasipo kuuliza ni nani akaaye humo. Wengi hufanya hivyo kwa kutojua tu, na dawa ya kutojua ni kufundishwa.

RANGI YA JANI YATOKA WAPI?

Nuru ya jua twaiona nyeupe, lakini ndani yake zimo rangi zote za upinde wa mvua. Kila kitu hupokea baadhi ya rangi hizo na kurudisha nyingine, nasi twaona zile zilizorudishwa. Jani lina chembe ndogo sana zilizojaa rangi iitwayo klorofili, ambayo wanaelimu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1817. Klorofili huinywa sana nuru nyekundu na nuru ya buluu. Nuru ya kijani huinywa kidogo kuliko hizo, na ile isiyonywewa ndiyo irudiyo machoni petu. Basi uzuri tuuonao katika shamba la mpunga ni mabaki ya karamu: jani limekula rangi nyingine, likatuachia hii.

Na karamu hiyo si ya jani peke yake. Mwaka 1771 Mwingereza mmoja, Joseph Priestley, aliwasha mshumaa ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, ukawaka mpaka hewa yake ikaharibika, ukazimika. Kisha akatia humo kitawi kibichi cha mnanaa, akakiacha siku nyingi. Alipojaribu tena, mshumaa uliwaka. Mmea ulikuwa umeitengeneza hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu wa Uholanzi, akaonyesha ya kuwa kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani tu za mmea, tena kwenye nuru ya jua, si gizani. Kwa nguvu ya nuru hiyo jani huchanganya maji ya ardhini na hewa chafu tuitoayo puani, likafanya sukari, na kutoa hewa njema tuivutayo. Ugali tulao, maziwa ya watoto, nyama ya sikukuu, hata kuni za jikoni, vyote vimepita kwanza katika jani la kijani.

Jicho letu nalo lapatana na mambo hayo. Wakati wa mchana, katika rangi zote, jicho la mwanadamu huitambua kwa wepesi zaidi nuru iliyo kati ya kijani na manjano, ndiyo rangi ya majani machanga. Haishangazi basi ya kuwa mtu aliyechoka hupenda kuketi akitazama bustani.

KIJANI CHA WANYAMA HUFANYWAJE?

Mtu aweza kudhani ya kuwa panzi ni kijani kwa sababu hula majani. Lakini mbuzi naye hula majani, wala hatujaona mbuzi wa kijani. Kwa kweli klorofili ya jani haiwi ngozi ya mnyama alilaye. Kila kiumbe hana budi kujifumia vazi lake kwa njia yake mwenyewe, na njia hizo ni za ajabu.

Tuwaondoe kwanza wanyama wenye manyoya. Nywele zao zina rangi za namna mbili tu: moja huenda kwenye weusi na hudhurungi, nyingine kwenye wekundu na manjano. Ndiyo maana hapana ng’ombe wa kijani, wala mbwa, wala simba. Tumbili huonekana kwa mbali kama ana ukijani mgongoni, lakini unywele wake ukitazamwa kwa karibu una mikanda ya manjano na myeusi, na macho yetu ndiyo yachanganyayo. Huko Amerika ya Kusini yuko mnyama mmoja aendaye polepole mno juu ya miti, ambaye manyoya yake huwa kijani. Hata yeye rangi si yake, ni ya mimea midogo sana, jamaa ya mwani, iotayo ndani ya manyoya hayo.

Sasa tuje kwa ndege. Mwalimu afundishaye kuchora ajua ya kuwa buluu ikichanganywa na manjano huwa kijani. Ndivyo ilivyo katika kasuku. Katika unyoya wake imo rangi ya manjano hasa; lakini rangi ya buluu haimo. Ukiusaga unyoya wa buluu wa kasuku hutapata unga wa buluu, utapata unga wa hudhurungi. Ubuluu ule hutokana na umbo la ndani la unyoya, lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoirudisha nuru ya buluu. Mfano wake ni povu la sabuni, lionyeshalo rangi nyingi ingawa maji yake hayana rangi. Nuru hiyo ya buluu ipitapo katika rangi ya manjano, hutokea kijani.

Ushahidi wake ni huu. Kusini ya Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania, wako kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya machungwa, waitwao kasuku wa Fischer. Watu wanaowafuga katika nchi za Ulaya wamepata makinda waliozaliwa bila ile rangi ya manjano. Nao wametoka buluu. Ushahidi wa pili ni nyoka wa kijani atiwaye katika chupa ya spiriti ili ahifadhiwe. Spiriti hunyonya manjano ya ngozi yake, na baada ya muda nyoka yule wa kijani amegeuka buluu. Hakupakwa rangi mpya. Ameondolewa moja kati ya mbili.

Lakini kila kanuni ina mwenye kuipinga, na hapa mpinzani ni ndege wetu wa Afrika, shorobo, ambaye wataalamu humwita turako. Jamaa yake hawapatikani po pote duniani ila barani mwetu. Mmoja wao, shorobo wa Fischer, hukaa katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na katika milima ya Usambara. Akitulia mtini ni kijani kifuani na shingoni, nawe wampita bila kumwona. Akiruka hufunua mabawa mekundu kama kaa la moto. Mwaka 1869 Mwingereza aitwaye Church alieleza ya kuwa wekundu ule una madini ya shaba ndani yake. Kijani cha shorobo nacho ni rangi hasa yenye shaba, wala si mchezo wa nuru kama wa kasuku. Ndege wa dunia ni maelfu, na walio wengi katika wale wa kijani wameazima buluu kwa nuru. Shorobo amechovya vazi lake katika rangi ya kweli.

Wadudu wana njia nyingine. Panzi wengi na viwavi hupata rangi ya manjano kutoka katika majani wayalayo, na rangi ya samawati huifanya wenyewe mwilini. Mbili zikikutana, wamevaa. Na wako vyura wa miti ambao kijani chao, kama ilivyoandikwa na wataalamu mwaka 2020, hutokana na rangi ya jamaa ya nyongo. Rangi hiyo hata sisi twaijua: mtu akipigwa ngumi, alama yake kwanza huwa nyeusi, kisha baada ya siku chache hugeuka kijani. Kile ambacho kwetu ni alama ya jeraha, kwa chura ni joho la kila siku.

KAZI YA VAZI HILI

Twaona basi ya kuwa njia ni nyingi, na vazi ni moja. Viumbe mbalimbali wasio na undugu wa karibu wamefika wote kwenye rangi ya jani. Kuna faida gani?

Jibu lake lilitafutwa vizuri huko Italia, na habari yake ikaandikwa mwaka 1904 na mtu aitwaye di Cesnola. Alichukua vunjajungu, wale wadudu warefu wakunjao mikono kama waombao. Katika nchi ile vunjajungu wa jamii moja wengine ni kijani, wengine ni hudhurungi. Akawafunga kwa uzi wa hariri ili wasihame, akawaweka 20 wa kijani juu ya majani mabichi, na 25 wa kijani juu ya majani makavu. Baada ya siku 11, wale 25 waliokuwa juu ya majani makavu walikuwa wamekufa wote, wengi wao kwa kuliwa na ndege. Wale 20 waliokuwa juu ya majani mabichi hakufa hata mmoja mpaka mwisho wa jaribio. Akafanya vivyo hivyo kwa wale wa hudhurungi: 20 juu ya majani makavu wakapona wote, na 45 juu ya majani mabichi wakasalia 10 tu.

Tulishike sana jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yangu. Rangi ya kijani haimwokoi mdudu kwa nguvu yake yenyewe. Yamwokoa palipo na majani mabichi. Pasipo majani yamwua, maana yamtangaza kwa adui zake. Vazi ni nusu, na mahali ni nusu ya pili.

Mifano ya karibu ni mingi. Nenda kwenye mchungwa au mlimau wa shule, utafute kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akiwa mdogo ni hudhurungi chenye weupe, na kila amwonaye hudhani ni mavi ya ndege juu ya jani, akamwacha. Akikua, hila hiyo haimfai tena kwa unene wake. Basi hubadili vazi akawa kijani, akalala juu ya jani kama sehemu ya jani. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, maana hiyo ndiyo silaha yake ya mwisho.

Au watazame senene wa Bukoba, ambao Wahaya huwapenda sana mezani. Wanapoanguka kwa wingi wakati wa mvua, katika ndoo moja utaona wa kijani na wa hudhurungi pamoja, nao ni jamii moja. Nyasi za nchi nazo ni za namna mbili, mbichi na kavu. Au sikiliza chini ya mkuyu wenye matunda: utasikia sauti za ninga, wale njiwa wa kijani, na matunda yaanguka miguuni pako, wala humwoni hata mmoja mpaka warukapo wote kwa kishindo.

Kwa habari ya vunjajungu, wengi wetu tuliambiwa utotoni ya kuwa amgusaye atavunja vyungu nyumbani, na jina lake latokana na imani hiyo. Imani hiyo haina ukweli, lakini imemponya mdudu huyu katika mikono mingi ya watoto, naye hula nzi na panzi wetu kwa malipo. Mwenye kuacha imani hiyo asiache kumwonea huruma mdudu mwenyewe.

KINYONGA ASINGIZIWAYE

Hakuna mvaa kijani achukiwaye kama kinyonga. Katika makabila mengi ya Kibantu, tangu Wakikuyu na Wakamba wa Kenya hata Wazulu wa Afrika ya Kusini, yasimuliwa ya kuwa hapo kale kinyonga alitumwa kwa wanadamu na habari ya uzima, akachelewa njiani au akababaika kusema. Mjumbe mwingine, ndege au mjusi, akamtangulia na habari ya mauti. Kwa ajili ya hadithi hiyo wengi humwona kuwa mkosi. Hadithi ina utamu wake, na watoto waisikie kama urithi wa wazee. Lakini hadithi isiwe hukumu ya kifo kwa kiumbe kilicho mtini leo.

Ukweli wake ni huu. Kinyonga hana sumu. Akifungua kinywa na kujivimbisha ni kwa hofu, maana hana mbio za kumwokoa. Macho yake hugeuka kila moja upande wake, na ulimi wake, akiutupa, hupita urefu wa mwili wake. Hula nzi, panzi na wadudu wengine. Yule aonekanaye zaidi katika nchi zetu, mwenye vikunjo vya ngozi shingoni, hushuka mtini ili kuchimba shimo na kutaga mayai yake ardhini. Na huko chini, akivuka njia kwa mwendo wake wa mashaka, ndiko akutwako na mawe.

Kuhusu kugeuka rangi, watu husema hugeuka ili afanane na kila kitu akanyagacho. Sivyo hasa. Huwa kijani au hudhurungi akitulia, naye hugeuka kwa hasira, kwa hofu, kwa baridi au joto, na kwa kusemezana na wenzake. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva, katika Uswisi, walieleza jinsi afanyavyo, baada ya kumchunguza kinyonga mmoja wa Bukini. Ndani ya ngozi yake zimo chembe zenye fuwele ndogo mno zilizopangwa kama vigae. Akitulia, fuwele hukaribiana, zikarudisha nuru ya buluu. Nayo ikipita katika manjano ya ngozi, ni kijani. Akiona adui au jike, fuwele huachana kidogo, zikarudisha nuru ya manjano na nyekundu, na mwili wote huwaka. Hivyo kijani cha kinyonga yule ni rangi ya amani. Wanaompiga mawe huwa hawakumwona bado katika hali yake njema.

NENO LA HADHARI JUU YA NYOKA

Sipendi mtu asome habari hizi akaenda kumshika nyoka. Wako nyoka wembamba wa kijani, walao vyura na mijusi, wasioweza kumdhuru mtu. Lakini wako wengine wawili wafananao nao machoni pa asiyejua. Wa kwanza hukaa katika miti ya pwani, hata katika miembe. Wazungu humwita mamba wa kijani. Jina hilo lisiwachanganye na mamba wa mtoni: huyu ni ndugu wa koboko, na sumu yake ni kali. Wa pili ni nyoka wa miti mwenye macho makubwa, ambaye dume lake mara nyingi ni kijani, na sumu yake huizuia damu isigande. Mwaka 1957, katika mji wa Chicago, Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka, aliumwa kidoleni na nyoka mchanga wa aina hiyo. Akaona jambo ni dogo, akaandika dalili zake kwa kalamu yake mwenyewe, na kesho yake akafa.

Ikiwa bingwa alipatwa hivyo, mtoto wa shule asijaribu. Mwenye kumwona nyoka wa kijani mtini amwache, arudi nyuma polepole, naye nyoka atakwenda zake, kwa kuwa wote wawili ni waoga wa watu. Aliyeumwa asichanjwe wala kunyonywa jeraha. Kiungo kitulizwe kisitikisike, naye apelekwe hospitali mara moja. Kumfuata nyoka kwa fimbo ili kumwua ndiyo njia mojawapo ya kuumwa.

MAHALI NI NUSU YA VAZI

Sasa nawarudisha kwa wale vunjajungu 25 waliofungwa juu ya majani makavu. Yaliyowapata wao kwa mkono wa mtu mmoja yaweza kuwapata viumbe wa mlima mzima kwa mikono yetu.

Katika milima ya Usambara, juu ya Muheza, yako mahali paitwapo Derema. Kwa jina la mahali hapo wanaelimu walimwita kinyonga mmoja mkubwa wa kijani, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Karibu na hapo ni Amani, ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha elimu ya mimea na kilimo mwaka 1902. Misitu ile ilikatwa sehemu kubwa kwa mbao na kwa mashamba, kwanza ya kahawa, kisha ya chai. Na iliyosalia ikabaki vipande vipande. Mwaka 1997 Serikali ilitenga sehemu ya Amani kuwa hifadhi ya mazingira ya asili.

Shamba la chai lina uzuri wake, nalo ni kijani mwaka mzima. Mgeni apitaye barabarani aweza kusema nchi haikupotewa na kitu. Lakini si kila kijani ni nyumba. Kinyonga wa msituni hapati katika chai matawi marefu ya kupandia, wala kivuli chenye umande, na shorobo hapati matunda. Macho yetu huridhika kwa rangi. Wao wataka mti.

Iko hasara nyingine, nayo ni biashara. Wale kasuku wadogo wa Fischer walikamatwa kwa wingi mno katika miaka ya 1980, wakauzwa nchi za mbali, kwa sababu ya uzuri wao tu. Vinyonga nao waliuzwa. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilizuia kusafirisha wanyama hai wa porini kwenda nchi za nje. Zuio la serikali ni jambo zuri, lakini mtego wa kwanza hutegwa kijijini, na mkono wa kwanza kupokea fedha ni mkono wa jirani yetu. Hapo ndipo nyumba yenye mafundisho mema huonekana.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Nataja mambo machache yasiyohitaji fedha.

La kwanza, mwalimu akate vijiti vidogo 40, apake 20 rangi ya kijani, na 20 aviache na rangi yake ya hudhurungi, avimwage katika majani mabichi ya uwanjani. Awaambie watoto waokote kwa dakika moja, kisha wahesabu waliyopata ya kila rangi. Afanye tena mahali pakavu. Watoto wataelewa jaribio la Italia kwa mikono yao wenyewe, wala hapatakufa mdudu hata mmoja.

La pili, funikeni majani ya ua kwa ubao siku saba au kumi, kisha ufunueni. Watoto watayaona yamepauka na kugeuka manjano, wajue ya kuwa kijani ni kazi ya nuru.

La tatu, mzazi amwonyeshe mtoto kinyonga pale alipo, juu ya tawi, pasipo kumshika. Usiku ndio wakati mwepesi, kwa kuwa akilala hupauka, na mwenye taa humwona upesi. Mtoto aliyemtazama kinyonga kwa utulivu mara moja hamrushii jiwe kwa wepesi mara ya pili.

La nne, kila nyumba iache pembe moja ya shamba yenye miti ya asili na vichaka, hasa kandokando ya kijito. Kijiji chenye pembe kumi za namna hiyo kina msitu mdogo ambao hakuna aliyeununua.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Watoto wetu nao wangali wabichi, na yale wayapendayo sasa ndiyo watakayoyatunza watakapokuwa wenye mashoka na mashamba. Tuwafundishe kwamba rangi hii tuipendayo wakati wa mvua ni chakula chetu, ni hewa yetu, na kwa viumbe wengi ni ngao yao ya pekee. Na ya kuwa akatae mti humvua nguo aliyekaa ndani yake.